Mjadala: Rangi za waya za mashine ziwe mfumo mmoja dunia nzima?

Fundi Paneli: Ziwe mfumo mmoja. Mashine ya IEC 60204-1 (kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine) na ya NFPA 79 (kiwango cha Marekani) zikikaa kwenye ukumbi mmoja, kijivu ni mtego. Kwa Mmarekani kijivu, kama nyeupe, ni nyutro (waya wa kurudisha umeme). Kwenye kebo ya IEC kijivu ni fezi (waya wenye moto), na nyutro ni bluu hafifu. Aliyezoea upande mmoja akifungua boksi la upande wa pili atashika waya wenye moto akidhani ni nyutro.

Mchoraji: Lakini ndani ya paneli viwango hivyo viwili vinaelewana kuliko unavyosema: nyeusi ni saketi za nguvu, nyekundu ni kontroli (saketi za kuamuru mashine) ya AC, bluu ni kontroli ya DC. Na kubadili rangi kuna gharama yake. Tazama Uingereza: tangu 1 Aprili 2006 usakinishaji mpya hutumia fezi za kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro bluu. Zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi. Yaani nyeusi na bluu zimebadilishana kazi! Pale ya zamani inapokutana na mpya, rangi haikusaidii kitu. Ni lazima uweke alama za L1, L2, L3 (fezi tatu) na N (nyutro) pande zote mbili za kiungo.

Fundi Paneli: Basi mfumo mmoja uwe wa mashine mpya tu. Ya zamani itengenezwe kwa rangi zake yenyewe, si kwa roli ya waya iliyobaki stoo.

Mkaguzi: Mnagombania nyutro wakati hatari kubwa iko kwenye rangi ya chungwa. Hiyo ni ya saketi zinazobaki na moto hata swichi kuu ikizimwa: taa ya ndani ya paneli, soketi ya matengenezo, intaloki (saketi ya kuzuia mashine isiwake bila ruhusa) inayotoka mashine ya jirani. (Kwenye mashine kuukuu za Marekani utaikuta njano.) Intaloki hiyo ikifungwa kwa waya mwekundu, fundi atazima swichi kuu, atapima terminali zake, atasoma sifuri, kisha atagusa kontakti yenye volti 230 kutoka kwa jirani. Testa ijaribiwe kwanza kwenye chanzo chenye moto, upime kila terminali utakayoigusa, dhidi ya ethi (waya wa ardhini) na dhidi ya terminali nyingine, halafu testa ijaribiwe tena.

Mchoraji: Sawa, na hapo ndipo namba inapoishinda rangi. Waya 40 nyekundu kwenye trankini (mfereji wa kupitishia waya) moja zinakwambia aina ya saketi tu. Namba ileile ncha zote mbili, inayolingana na mchoro, ndiyo inayokwambia ni waya upi. Mafuta na joto hufifisha rangi, na wapo mafundi wasiotofautisha nyekundu na kijani. Rangi pekee ya kuilinda bila mjadala ni kijani-njano ya ethi: katika kila milimita 15 za urefu, rangi moja ifunike asilimia 30 hadi 70 na nyingine ifunike iliyobaki. Kuizungushia tepe ili uitumie kama fezi ni marufuku.

Fundi Paneli: Namba iko nchani tu. Ukikata trankini katikati kutafuta waya ulioungua, kinachoonekana hapo ni rangi.

Mkaguzi: Ukifika hapo, fuatilia hadi nchani kabla ya kukata.