Mtaacha lini kutuuzia chati ya "nyeusi ni kifo" na vijitabu vya mazishi vinavyopaka watu wino?

Karatasi_na_Wino (mwanzisha uzi)

Wadau, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali. Hapa Nairobi, kutoka vibanda vya uchapaji vya River Road hadi ofisi za ghorofani Westlands, dizaina akishapakua chati moja ya "saikolojia ya rangi" anajiita mshauri na kuanza kutoza. Mstari wa nyeusi kwenye chati hizo ni uleule: kifo, uovu, siri, mamlaka, anasa. Maneno yanayogongana, na mteja husomewa lile linalomfaa muuzaji siku hiyo. Mwenye saluni anaambiwa nyeusi itamfukuzia wateja. Muuza manukato wa mlango wa pili anaambiwa nyeusi ndiyo hadhi. Familia iliyofiwa haiulizwi kitu, inakabidhiwa kijitabu cheusi tititi jalada hadi jalada, eti nyeusi ni msiba, basi.

Utafiti upo, na mngeusoma mngeona aibu. Mwaka 1973 Adams na Osgood walichapisha matokeo kutoka tamaduni 23: nyeusi ilipimwa kuwa mbaya lakini yenye nguvu, nyeupe njema lakini dhaifu. Waliopimwa ni wavulana wa sekondari, na walichopima ni jina la rangi. Hawakuoneshwa nguo wala jalada wala ukuta wa duka. Mwaka 1988 Frank na Gilovich wakaonesha kwamba timu za Marekani za futiboli ya kwao na hoki ya barafuni zilizovaa nyeusi ziliadhibiwa zaidi ya wastani. Chati zenu huishia hapo. Hazisemi kwamba watafiti haohao waliwaonesha waamuzi mchezo uleule kwenye video, jezi tofauti, na jezi nyeusi ikahukumiwa vikali zaidi. Yaani sehemu ya ubaya ilikuwa kwenye jicho la mwenye filimbi. Wala hazisemi kwamba mwaka 2011 watafiti wengine walirudia suala la hoki wasione athari yoyote, na 2012 wengine wakaiona tena. Wataalamu bado wanavutana, ninyi mnatoza kana kwamba kesi imefungwa.

Tena mnasema "kwa Mwafrika nyeusi ni mkosi." Mwafrika yupi? Nyeusi ndiyo mstari wa juu kabisa wa bendera ya Kenya iliyopandishwa Desemba 1963, na inasimama kwa wananchi wenyewe. Kwa Wamaasai, Enkai Narok, Mungu mweusi, ndiye wa mvua na neema. Mwenye hasira ni Enkai Nanyokie, mwekundu. Kijana wa Kimaasai aliyetoka kutahiriwa huvaa shuka nyeusi, na hajafiwa na mtu, anavuka kwenda umorani. Nendeni Eastleigh mtazame mabuibui na abaya: hapo nyeusi ni stara, na mwenye kuivaa kwenda harusini hajabeba huzuni. Misri ya kale ilihusisha nyeusi na udongo wa mafuriko ya Nile, yaani rutuba, na Osiris akachorwa mweusi kwa sababu ya kufufuka. China na India, rangi ya jadi ya msiba ni nyeupe. Hiyo nyeusi ya msiba mnayoiona kama sheria ya maumbile ilipata nguvu kubwa Uingereza baada ya 1861, Malkia Victoria alipofiwa na mumewe akavaa nyeusi hadi kufa kwake 1901. Ni desturi, ina tarehe na ina wenyewe. Familia ikiitaka, wapewe. Ila waulizwe kwanza: marehemu alikuwa na miaka mingapi, wa dini gani, watu wake wanaagaje.

Sasa niingie kwenye kinachoniudhi zaidi. Baada ya hotuba yote ya maana ya nyeusi, nyeusi yenyewe hamjui kuichapa.

Wino mweusi peke yake, asilimia 100, ukijaza ukurasa mzima unatoka kijivu cha makaa. Eneo kubwa linataka nyeusi nzito, yaani wino zote nne za mashine kwa asilimia: sayani (samawati) 60, majenta (wekundu wa waridi) 40, manjano 40, nyeusi 100. Jumla 240, salama kwa karatasi ya kung'aa, ambayo kwa kawaida hubeba hadi 300. Dizaina wa chati anafanya mawili ya ajabu. Ama anaacha faili kwenye rangi za skrini, programu inageuza ile nyeusi kuwa 75, 68, 67, 90 bila yeye kujua, na hata maandishi ya aya yanajengwa kwa wino nne. Karatasi ikisogea kidogo tu mashinini, kila herufi ina kivuli chekundu au cha samawati. Ama anachukua nyeusi ya alama za mpangilio (zile za pembeni za kulinganisha wino), wino zote nne kwa 100, jumla 400. Hiyo haikauki. Inahamia mgongo wa karatasi inayofuata, halafu inahamia vidole na mashati meupe ya waombolezaji wakiwa wamesimama kaburini. Maandishi madogo ni nyeusi 100 pekee, yachapwe juu ya rangi iliyo chini. Maandishi meupe ndani ya nyeusi yasishuke pointi 8, fonti isiyo na mikia myembamba, maana wino huijaza.

Halafu picha. Hapa ndipo hasira inanipanda kabisa. Marehemu ni mtu wa ngozi nyeusi, amevaa suti nyeusi, dizaina anamkata kwenye mandhari yake na kumbandika juu ya nyeusi. Nywele zinamezwa, mabega yanapotea, unabaki uso unaoelea bila kichwa. Ngozi inatoka tope moja, kovu la nyusi na mikunjo ya kicheko ambayo watoto wake wanaijua haipo tena. Picha hujengwa kwa nukta ndogo za wino, nazo huvimba zikigusa karatasi. Kwenye karatasi ya gazeti nukta ya asilimia 50 husomeka karibu na 75, kwa hiyo tanzia ndiyo huumia zaidi. Fungua vivuli vya uso kabla ya kugeuza faili kuwa rangi za wino, sehemu nyeusi zaidi za ngozi zisivuke takriban 85, suti iende 95, na nyuma weka kijivu cha kati au kahawia. Kodak, kampuni ya filamu za picha, kwa miongo mingi ilipima rangi kwa kadi za Shirley zenye picha ya mwanamke mweupe. Hao walikuwa na kisingizio cha kutotuona. Ninyi mna kisingizio gani, mnachapia watu wa nyumbani kwenu?

MkunjoSafi

Nakuunga mkono, Mkuu, ila umesahau jalada. Kazi nyingi za nakala 100 au 200 siku hizi ni tona, wino wa unga wa mashine za dijitali, si ofseti, mashine za sahani na wino wa majimaji. Tona nyeusi kwenye karatasi ya gramu 300, ikikunjwa bila kupigwa mstari wa mkunjo kwanza, inapasuka na mgongo wa kijitabu unaonesha ufa mweupe juu hadi chini. Piga mstari, kunja kufuata nyuzi za karatasi, weka laminesheni, ule utando wa plastiki, kabla ya kukunja. Na msiwauzie wafiwa laminesheni isiyong'aa juu ya nyeusi bila kuwaonya: kila kidole kinaacha alama, na boksi likisuguana kwenye buti ya gari hadi Machakos, nakala zinafika na mikwaruzo.

Dada_wa_Prepresi

Nyongeza kuhusu picha. Familia hutuma kwa WhatsApp, imeshabanwa, na vivuli ndivyo huharibika kwanza, vinakuwa miraba. Mwambieni mjukuu aitume kama dokumenti. Picha ya kujaza jalada la mbele la A5 inataka pikseli 1,748 kwa 2,480, na juu ya hapo uongeze milimita 3 za kukatwa kila upande.

Mzee_wa_Kirinyaga_Rd

Sawa, lakini wateja wenyewe huja wakisema "fanya nyeusi". Tuwakatalie?

Karatasi_na_Wino

Hapana, Mzee wangu, msiwakatalie. Wafanyieni nyeusi iliyo nyeusi. Na mteja anayesoma hapa: kabla ya kulipa salio, dai jalada moja la majaribio kwenye karatasi ileile na mashine ileile. Litoe nje ulitazame juani, maana taa za dukani huficha nyeusi yenye ukijani au wekundu. Likunje. Lisugue mara kumi kwa kitambaa cheupe. Wino ukishika kitambaa, nakala zote zirudi mashinini, na gharama iwe ya aliyetengeneza faili.