Naombeni ushauri: nimeuliza kama vikwazo vya mafuta kwa Urusi vimefeli, msimamizi anasema swali la kijiweni

Wakuu habarini. Naandika tasnifu ya masters, msimamizi kanirudishia andiko eti swali langu halipimiki. Hoja yangu ni kwamba G7 (kundi la nchi tajiri) waliweka kikomo cha bei ya mafuta ya Urusi, dola 60 kwa pipa, Desemba 2022 lakini meli bado zinapakia kama kawaida, si vimefeli hivyo? Sasa niulizeje?

Nanga: Msimamizi yuko sahihi mkuu. Kikomo hakikulenga kuzuia mafuta yasitoke, maana yangekosekana ghafla bei ingepaa na waliokiweka wangeumia wenyewe. Walitaka mafuta yatoke, hela ipungue. Walichoshikilia ni bima, karibu 90% ya tani za meli za dunia ziko kwenye vilabu vya bima vyenye mwavuli wake London, ukiuza juu ya kikomo hupati bima yao. Urusi ikakusanya meli kuukuu, leo bendera hii kesho ile, zinazima mtambo wa kuonyesha zilipo, zinahamishiana mafuta katikati ya bahari. Hizo zote ni gharama, pima hizo.

Mzee wa Hoja: Gharama gani bwana! India kabla ya vita vya Ukraine mafuta ya Urusi hayakufika hata 2% ya inayoagiza, 2023 ikawa kama theluthi. Ikawa inasafisha, inawauzia Ulaya dizeli. Huo si mchezo wa kuigiza?

Nanga: Ilinunua kwa bei ya kutupa mzee, mwanzoni mwa 2023 Urals (mafuta ghafi ya Urusi) ilikuwa chini ya Brent (mafuta yanayotumika kama kipimo cha bei duniani) kwa dola 30 hivi kwa pipa. Na kuna malipo ya rupia, Mei 2023 Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, akiwa Goa, India, alisema wana mabilioni ya rupia kwenye benki za India na ili wazitumie lazima zibadilishwe kuwa sarafu nyingine. Umeuza, hela hutoki nayo.

bintisayari: Gesi msiichanganye humo. Meli inageuzwa, bomba haligeuki. Na gesi ya bomba, mwaka 2022 Ulaya hawakuiwekea vikwazo, Urusi ndo ilibana yenyewe, Agosti 2022 bei ikapita euro 300 kwa megawati-saa. Shehena za gesi ya kimiminika zikakimbilia Ulaya, Pakistan ikatangaza zabuni Julai hakutokea muuzaji hata mmoja. Na hao hawakuwekewa kikwazo na mtu!

Mleta uzi: Kwa hiyo swali liwe "nani analipa lile punguzo"?

Nanga: Liwe "punguzo linaishia kwa nani". Baki na Urals kwenda India, Desemba 2022 mpaka mwisho wa 2024, ukiingiza Iran na Venezuela humalizi. Na angalia bei unayotumia, forodha ya India inaonyesha bei mafuta yakishafika, bima na nauli ndani, wakati bei inayotajwa sana ni ya kupakilia Primorsk, bandari ya Urusi, kabla ya bima na nauli. Wengi wanazilinganisha kama kitu kimoja. Pengo la katikati linaenda kwa wenye meli na madalali, wengi wamehamia Dubai, na hapo ndo tasnifu yako ilipo.