Kamera za kusoma namba za magari kwenye sheli: je, zinaungana kweli na kanzidata ya polisi?

Mwana Kibirizi
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninamsaidia kaka yangu kusimamia sheli yake ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Mwezi uliopita Fuso iliwekewa lita 80 za dizeli, dereva akasema anavuka barabara kutoa pesa kwa wakala, kisha akarudi, akawasha gari na kuondoka huku mhudumu akiwa bado ameshika bomba la pampu. Wiki hii amekuja muuzaji wa kamera zinazosoma namba za magari, naye anadai kwamba zikishafungwa zitaungana moja kwa moja na kanzidata ya polisi, hivyo gari la wizi au lenye deni la faini likiingia tu, skrini ya mhudumu itawaka nyekundu. Bei yake si ya mchezo. Je, jambo hilo linawezekana, na je, ni halali?

Mzee wa Ipuli
Mdogo wangu, kusoma namba ni kazi ya kamera na programu yake, lakini kuifungua kanzidata ya polisi ni ruhusa, na ruhusa hiyo haiuzwi na muuza kamera. Mwombe barua ya polisi inayoonyesha ruhusa hiyo. Uingereza, ambako teknolojia hii ilibuniwa mwaka 1976, sheli nyingi zinazo kamera hizo, ila kazi yake kubwa ni kutambua magari yaliyowahi kuondoka bila kulipa. Mwaka 2012 lilizuka huko wazo la serikali la kuyanyima mafuta magari yasiyo na bima, na wenye sheli wakalalamika kwamba wahudumu wao ndio watakaokabiliana na madereva wenye hasira. Tena kule dereva hujijazia mwenyewe, ndipo aende dukani kulipa. Hapa kwetu bomba liko mkononi mwa mhudumu wako; Fuso ile ingedhibitiwa kwa kupokea pesa kwanza.

Fundi wa Kasulu
Naongezea upande wa ufundi. Namba za magari yetu binafsi zina mpangilio usiobadilika, yaani T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, kwa hiyo programu ikikuta alama inayofanana na nane pale penye nafasi ya herufi, itajua kuwa ni B. Gari kutoka Burundi au Kongo, na hapo Kigoma mnayaona kila siku, lina mpangilio mwingine, na programu isiyofundishwa namba hizo itabahatisha. Pikipiki nayo ina kibao nyuma tu, chenye mistari miwili, ambacho wakati wa masika hufunikwa na tope jekundu. Kabla ya kulipa hata shilingi, mwambie muuzaji asimike kamera moja kwa siku mbili, nawe ulinganishe inachosoma na unachokiona kwa macho.

Binti Ujiji
Kaka, kuhusu uhalali, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na awaeleze wateja anakusanya nini na kwa sababu gani. Swali la muda wa kutunza namba zilizosomwa nalo lina uzito wake: mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba polisi wakisoma namba isiyo na kosa, waifute papo hapo. Linalonitia hofu zaidi ni kadi za magari. Mangapi yameuzwa kwa karatasi ya mauziano tu, kadi ikabaki na jina la mwenye gari wa kwanza? Skrini ikiwaka nyekundu kwa sababu ya jina hilo la zamani, mhudumu atamwita mwizi mtu aliyenunua gari lake kihalali, tena mbele ya foleni.

Mwana Kibirizi
Nawashukuru sana. Nimempigia muuzaji nikamwomba barua ya polisi, naye akaniambia kwamba "mambo hayo yanashughulikiwa". Kaka amekubali tuweke kamera ya kawaida inayorekodi tu, kibao cha tangazo kikae penye pampu ya kwanza, na picha zifutwe baada ya siku 30. Dada, je, kwa kamera ya namna hiyo nako tunapaswa kujisajili?

Binti Ujiji
Ndiyo, kaka, kwa sababu picha ya mtu anayetambulika nayo ni taarifa binafsi.