Vitendo Tudor au kundi la nadharia Majengo? Nimetoka kwenye mashindano ya kemia na sina raha

MtoWaLikoni
Assalam alaykum wote. Leo tumefanya mashindano ya kemia baina ya shule. Nadharia sikuiogopa, ila tulipotoka nje tukaanza kulinganisha majibu na hapo ndipo moyo uliponidunda. Kwenye taitresheni (kudondosha asidi mpaka rangi ibadilike, kisha kusoma sentimita za ujazo zilizotumika) mimi nimepata 12.40, wenzangu wawili 24.80 na 24.75. Chumba kimoja, chupa zile zile. Nimevuka feri bila kusema na mtu.
Mama amenipa shilingi 6,000 za maandalizi ya mwisho na amesema hakuna nyingine. Kuna vitendo kila Jumamosi hapa Mombasa, pale Tudor, shilingi 1,000 kwa kikao, vikao sita. Au kuna kundi la nadharia jioni Majengo, 3,500 mpaka mtihani, nibaki na 2,500 ya vitabu vya maswali yaliyojibiwa. Lazima niamue kabla ya Ijumaa. Nishaurini.

BintiKisauni
Umeandika marefu na yanayohitajika huyasemi. Uko kidato cha ngapi? Shuleni kwenu mna maabara au mnatazama mwalimu akifanya mbele? Mtihani wa majaribio ulipata ngapi kwa kila karatasi? Na baada ya shule unataka kusomea nini? Bila hayo tutakushauri gizani.

KochaWaMajengo
Kundi, wala usizunguke. Karatasi ya kwanza ina alama 80, ya pili 80. Ya vitendo ina 40 tu. Mtu mwenye akili huwekeza penye alama nyingi. Vitabu vyenye majibu utabaki navyo hata mdogo wako avitumie. Kikao cha Jumamosi kikiisha kimeisha.

YakheWaTudor
Kocha, hapo unampoteza mtoto wa watu. Alama za KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, hazijumlishwi hivyo. Unachukua ya kwanza na ya pili, jumla 160, unaigeuza iwe kwa 60. Ile ya tatu inaingia na 40 zake kamili, haipunguzwi hata moja. Kwa hiyo alama moja ya vitendo ni alama moja kwenye mia, lakini ya nadharia haifiki hata nusu. Wanafunzi wengi wa pwani wanaumia hapa kwa sababu hawakuambiwa mapema.

MtoWaLikoni
Samahanini, nilikuwa na haraka. Niko kidato cha nne. Maabara tunayo lakini mikondo minne inaigombania na bureti (mirija ya kupimia yenye bomba) zilizo nzima ni tisa. Muhula huu nimeshika bureti mara mbili. Majaribio: ya kwanza 58, ya pili 51, ya tatu 17. Nataka famasia, Mungu akipenda.

YakheWaTudor
Basi tupige hesabu. 58 na 51 ni 109. Gawanya kwa 160, zidisha kwa 60, unapata kama 40.9. Ongeza 17, una 57.9. Ukitoka 17 mpaka 30 kwenye vitendo umefika 70.9. Sasa tafuta hizo 13 kwenye nadharia: unahitaji karibu alama 35 zaidi kwenye zile karatasi mbili. Kwa wiki saba! Ndugu yangu, njoo Tudor.

KochaWaMajengo
Hesabu yako sawa, siibishi. Lakini nani amekuambia kutoka 17 hadi 30 ni rahisi? Na maswali ya vitendo nusu yake ni nadharia. Asiyejua moli, kile kipimo cha kiasi cha kemikali, atashika bureti mpaka usiku na hatapata jibu.

MwalimuWaZamani
Mwanangu wa Likoni, kabla ya pesa nijibu mambo matatu. Kwenye flaski mliweka nini? Ulitumia kiashiria gani, ile dawa ya kubadili rangi? Na kwenye hesabu uliandika uwiano upi? Hiyo 12.40 ni nusu kamili ya 24.80. Mkono mbaya hautoi nusu kamili.

MtoWaLikoni
Shikamoo mwalimu. Flaski ilikuwa na kaboneti ya sodiamu 25.0, bureti ina asidi ya haidrokloriki. Mezani palikuwa na chupa mbili za viashiria na karatasi ilisema tu "tumia matone mawili au matatu ya kiashiria". Mimi nilichukua fenolftalini, rangi ya waridi ikapotea. Wenzangu walichukua methili orenji. Uwiano niliandika moja kwa mbili.

MwalimuWaZamani
Marahaba. Basi bureti umeisoma vizuri, kosa liko kwingine. Kaboneti hulika kwa hatua mbili. Asidi ikiingia, kwanza inaigeuza kuwa bikaboneti, na fenolftalini hupoteza rangi hapo hapo, kazi ikiwa nusu njiani. Methili orenji hungoja mpaka bikaboneti nayo iishe, ndipo njano inapoelekea chungwa. Wenzako wamefika mwisho, wewe umesimama katikati. Ungeandika uwiano wa moja kwa moja kwa ile 12.40, jibu lako lingekuwa sawa na lao. Umechanganya kipimo cha hatua moja na hesabu ya hatua mbili.

MtoWaLikoni
Subhanallah. Kumbe mkono wangu ulikuwa sawa.

KochaWaMajengo
Mmeona? Hilo ni tatizo la nadharia! Nimesema tangu mwanzo.

BintiKisauni
Kocha, angekuwa na mazoea ya kushika chupa zote mbili angelijua bila kufundishwa. Kwani waandaaji nao, kuweka viashiria viwili bila kusema kipi, ni haki kweli?

YakheWaTudor
Ni haki. Mashindano yanataka anayefikiri.

Nahodha07
Niko chuo sasa, lakini niliungua na jambo hili hili kwa hiyo nisomeni hadi mwisho.
Mwaka wangu nililipa mahali fulani hapa kisiwani, jina silitaji. Chumba cha chini cha nyumba ya ghorofa, meza mbili, bureti tatu, wanafunzi kumi na saba. Shilingi 800 kwa kikao, nikaenda vikao vinne. Siku ya kwanza niliona soda (haidroksidi ya sodiamu) kwenye chupa ina ukungu mweupe. Nikauliza. Nikaambiwa ni kawaida, itatulia. Tukapima: 21.3, 22.6, 20.9. Havikaribiani hata kidogo. Mwalimu akatuambia tuandike 22.0, 22.1, 22.0 tuendelee na hesabu kwa sababu muda umekwisha. Wiki ya pili ikawa vile vile. Tukazoea kupika jedwali kabla hata ya kufungua bomba la bureti.
Kipimo cha kloraidi ndicho kilichonishangaza. Kila chupa tuliyotia nitrati ya fedha ilipata weupe, hata ile ya maji matupu. Kila kitu kikawa na kloraidi.
Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba walikuwa wanatengeneza dawa zote kwa maji ya kisima cha pale uani. Nyote mnajua visima vya kisiwani, ukinawa uso midomo inakuwa na chumvi. Maji yale yana kloraidi, na yana magnesi na kalsi. Ukitia soda ndani, magnesi inashuka kama mashapo meupe na soda yenyewe inapungua nguvu. Ukungu ule ulikuwa unatuambia ukweli na sisi tukaambiwa tuutazame kando.
KCSE ilipofika, vipimo vyangu viwili vya kwanza vilitofautiana. Badala ya kurudia kwa utulivu nikapika, kama nilivyofundishwa. Alama ya usahihi hutolewa kwa kulinganisha na kipimo cha mwalimu wa shule yako. Ukiwa ndani ya 0.1 unaipata yote, ukifika 0.2 unapata nusu. Mimi nilikuwa mbali kabisa. Nililia njiani hadi nyumbani, na mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu pesa zile baba alizipata kwa kubeba mizigo bandarini.
Kwa hiyo kijana, swali lako si vitendo au nadharia peke yake. Nenda ukaangalie kwa macho. Maji yanatoka wapi? Bureti moja watu wangapi? Soda ni angavu? Vipimo vikipishana, mwalimu anasema rudia au anasema andika?

BintiKisauni
Pole sana Nahodha. Mungu amlipe baba yako.

YakheWaTudor
Ninapokwenda mimi hawatumii maji ya kisima. Naapa.

PwaniMchanganyiko
Naingilia kidogo, maana nami nilikuwa kwenye mashindano. Swali la 2, lile la kutambua madini yaliyo ndani ya dawa, mlijibu nini? Mashapo meupe, yanayeyuka soda ikizidi, hayayeyuki amonia ikizidi. Mimi nimeandika alumini.

BintiKisauni
Mdogo wangu kaandika risasi. Wamegombana mpaka chakula kikapoa.

MwalimuWaZamani
Mpaka hapo mnaandika zote mbili. Zinki ndiyo imeondoka, kwa sababu ingeyeyuka kwenye amonia pia. Kutenganisha alumini na risasi unahitaji kipimo kingine. Potasiamu ayodidi ikitoa mashapo ya njano, ni risasi.

PwaniMchanganyiko
Kipimo kilichofuata kilikuwa chumvi ya kawaida, kloraidi ya sodiamu. Hakuna kilichotokea. Basi si risasi, alumini imeshinda.

YakheWaTudor
Kloraidi ya risasi huyeyuka kiasi. Dawa ikiwa nyepesi sana usingeona kitu hata kama risasi ipo.

PwaniMchanganyiko
Kwa hiyo waandaaji walitupa dawa nyepesi makusudi? Mimi nashikilia alumini.

KochaWaMajengo
Hili nalo tumeligusa Jumanne iliyopita kwenye kundi. Nasema tu. Kijana, njoo Alhamisi usikilize, siku ya kwanza hulipi.

MtoWaLikoni
Nawashukuru wote, nimesoma kila neno na mama nimemsomea ya Nahodha, akanyamaza muda mrefu. Leo baada ya shule nilipanda matatu kutoka feri hadi Tudor nikaangalia. Bureti moja watu wawili. Soda ni angavu. Mwalimu alisema maji ni ya mfereji, lakini wiki bomba likikauka wananunua ya mkokoteni, na hajui wale wenye mikokoteni wanayateka wapi. Nikamwomba nifanye kipimo kimoja, akakubali. Nimepata 24.90, 24.85, 24.85. Nimefurahi mno.
Ila vikao vyote sita vinamaliza pesa yote na sitapata kitabu hata kimoja. Nimeuliza kama naweza kulipia vinne, amesema atafikiria. Alhamisi nitakwenda Majengo kusikiliza pia.
Kuna anayejua maji yaliyotoneshwa yanapatikana wapi kwa bei ndogo? Nikipata lita tano nitayabeba mwenyewe.

Nahodha07
Vituo vya mafuta, ulizia maji ya betri. Soma lebo vizuri sana, maana asidi ya betri nayo huuzwa karibu yake na chupa hufanana.

BintiKisauni
Tudor nafasi ngapi zimebaki? Yule mdogo wangu wa risasi yuko hapa anasoma begani kwangu, na yeye bureti ameshika mara moja tu.