Koki ya kumwagia oili kwenye IST, kuna anayetumia huku Nyanda za Juu?

mwana_uyole
Wakuu habari za humu. Niko Uyole, nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ na oili namwaga mwenyewe nyumbani maana gereji ukiwaachia gari ukaenda kunywa chai hujui umewekewa oili gani. Sasa kero yangu ni nati ya sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), ukifika ule mzunguko wa mwisho oili inakurukia mpaka kwenye kiwiko, nati inadumbukia kwenye beseni unaanza kuisaka na vidole kwenye oili ya moto. Na hapa nimepanga, mama mwenye nyumba katandika pevingi mpya uani, doa moja tu ni kesi 😂 Nimeona kuna vikoki unafunga badala ya nati, unachomeka mpira, unageuza kihendo, oili inateremkia kwenye dumu yenyewe. Zinafaa kweli? Isije ikajifungua niko katikati ya Kitonga napandisha. Na nyumbani ni Rungwe ndani ndani huko, njia mawe matupu.

kihesa_probox
Mkuu mimi ninayo kwenye Probox, injini ni hiyo hiyo yako. Yangu ni Fumoto, ya Kijapani. Kujifungua ondoa hofu, kihendo hakigeuki hivi hivi, kina springi na kimekaa kwenye pengo lake, mpaka ukinyanyue kwanza ndo kigeuke robo mzunguko. Ukiona bado roho inadunda vuta ziptai uifunge hapo, basi.

Ila ujue tundu lake ni dogo kuliko la nati, kwa hiyo oili inachukua muda. Huku kwetu asubuhi ya Julai injini ikiwa ya baridi inatoka kama uji wa ulezi, utachoka kusubiri. Washa gari dakika chache ipate uvuguvugu, zima, fungua na kifuniko cha juu cha kuwekea oili ipate hewa, ndo ufungue koki. Na mpira usinunue ule laini wa kumwagilia bustani, ukipata joto unalegea unachomoka, hapo pevingi ya mama utailipa.

fundi_mwanjelwa
Kabla hujaagiza angalia saizi ya nyuzi. Nati ya sampu ya 1NZ ni 12 kwa 1.25, yaani unene milimita 12 na uzi hadi uzi milimita 1.25. Nasisitiza kwa sababu nati za tairi za Toyota ni 12 kwa 1.5 na watu wanadhani 12 ni 12 tu. Ukilazimisha ya 1.5 kwenye sampu itaingia mizunguko miwili hivi halafu inagoma, ukiongeza nguvu umeshakula nyuzi na hapo ni kubadili sampu au kuchonga upya. Koki anza kuifunga kwa vidole, iingie mpaka mwisho bila kugombana, ndo ushike spana, na usiongezee bomba kwenye spana. Wosha yake iwe mpya.

Binafsi wateja wangu nawaambia wabaki na nati, wosha mpya kila sevisi na glovu za mpira. Uchafu mwingi hautoki kwenye nati bwana, unatoka kwenye filta, na koki haikusaidii kitu pale. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, uivalishe filta kwa chini wakati unaizungusha, kila kitu kinaangukia humo.

kihesa_probox
@fundi_mwanjelwa hapo kwenye filta sibishi, ila nati nayo ikifunguliwa na kukazwa na kila mwenye spana nyuzi zinaisha vile vile. Koki ukishaifunga huigusi tena.

tukuyu_kwetu
Swali la mawe mmelikwepa. Inama chini ya gari uone nati imeelekea wapi. Ikiwa inatazama pembeni au nyuma na sampu imeizidi kwa chini, haina shida. Ikiwa inatazama chini moja kwa moja, koki inaning'inia na ndo itakayoanza kusalimiana na jiwe, hasa hizi IST zilizoshushwa springi. Zipo fupi zisizo na pua ya kuchomekea mpira, kwa njia za huku kwetu chukua hiyo. Mpira utaukosa lakini angalau mkono haulowi na nati haidumbukii.

mwana_uyole
Nimeingia uvunguni na tochi, ya kwangu inatazama nyuma na sampu imeizidi kidogo. Nachukua yenye pua. Hiyo oili chafu mnapeleka wapi? Zinatoka kama lita tatu na nusu hivi, dumu zinajaa stoo.

tukuyu_kwetu
Usimwage mtaroni, huo mtaro unaishia mtoni. Kaziulizie kwa wauza mbao, wengi wanapaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Ila usimpe mtu wa kuwashia jiko, moshi wake ni sumu.

fundi_mwanjelwa
Au lete gereji, sisi tuna pipa. Na mkuu, koki ikishafungwa washa injini kwanza uangalie kwa chini, isidondoshe hata tone, ndo utoke barabarani.