Naomba ushauri: viatu vya kukwea miamba kwa anayeanza, mfukoni nina 7,000 tu

KuchaZangu
Wadau, hamjambo. Niko Nairobi. Miezi miwili iliyopita mwenzangu wa kazini alinivuta kwenda kukwea ukuta wa ndani, na sasa nimenogewa, naenda kila Jumanne na Jumamosi. Shida ni viatu. Vya kukodi ni shilingi 300 kila nikiingia, na vya saizi yangu vimeshavaliwa na nusu ya jiji. Jozi moja ina tundu gumbani na harufu nisiyoweza kuieleza mtu akiwa anakula. Nimepiga hesabu: 2,400 kwa mwezi. Miezi mitatu tu nimeshamaliza pesa za viatu vyangu mwenyewe.

Nina 7,000, nikijinyima sana 9,000. Viatu vya kawaida navaa 39, na mguu wangu ni mpana mbele. Mwezi ujao tunapanga kwenda hifadhi ya Hell's Gate tujaribu mwamba wa Fischer's Tower. Nimeona viatu vingine vimepinda kama ndizi, vingine bapa, vya kamba, vya velkro. Nichukue vipi? Na hii habari ya kwamba lazima vibane mpaka ulie, ni kweli?

MpandaKibo
Dada, salamu kutoka Moshi. Chukua buti la ngozi linalofunika kifundo cha mguu, na mbele ubaki na nafasi ya kidole kimoja, la sivyo wakati wa kushuka kucha zitakuwa nyeusi. Soksi vaa mbili, nyembamba ndani, nzito juu.

Nyufa_na_Nyayo
Mkuu, huyu haendi Kilimanjaro. Anakwea mwamba uliosimama wima. Viatu vyake kwa kawaida havivaliwi na soksi.

MpandaKibo
Aa, kumbe! Nimeona "kukwea" nikajua ni mambo yetu. Basi ushauri wangu ugeuzeni kichwa chini miguu juu.

Dogo_Juu
Sista, nunua saizi mbili chini. Ukivaa 39 chukua 37, tena zile za ndizi. Maumivu ni wiki mbili, baadaye mguu unazoea. Ukinunua bapa utajuta.

BabuWaLukenya
Dogo, polepole. Zile za ndizi zilitengenezewa ukuta unaokuinamia, ambapo unavuta kijiwe cha kukanyagia kwa ncha ya kidole gumba. Mtu wa miezi miwili anakanyaga vijiwe vikubwa kwenye ukuta ulionyooka. Atalipia maumivu asiyoyahitaji, na baada ya dakika tano atakuwa amekaa chini anavua viatu huku wenzake wanaendelea.

Dada KuchaZangu, nimekwea kilima cha Lukenya na Hell's Gate miaka mingi, na vidole vyangu viwili vya mguu vimepinda moja kwa moja kwa sababu nilimsikiliza mtu kama Dogo. Kwa hiyo nisikilize mimi. Vaa kiatu jioni, baada ya kutembea kutwa, kwa sababu mguu huwa umevimba kidogo. Vidole viguse mbele, vipinde kidogo tu, visikunjane. Kisigino kijae, ukibonyeza nyuma ukasikia hewa, kiatu hicho si chako hata kama ni cha bure. Halafu simama kwa ncha ya mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi. Ukisikia kubanwa sawasawa mguu mzima, vizuri. Ukisikia kuchomwa sehemu moja, rudisha.

Ngozi isiyo na bitana ndani hutanuka, wakati mwingine hata saizi nzima. Sintetiki hutanuka kidogo sana. Kwa hiyo kiatu cha ngozi kikikubana kiasi dukani kivumilie, cha sintetiki kikikuumiza leo kitakuumiza hata Krismasi.

Kuhusu Fischer's Tower: ni mita 25 za mwamba wa volkano, na kule Hell's Gate kuna nyufa nyingi. Kwenye ufa unaingiza mguu ubavu halafu unausokota. Fanya hivyo na kiatu cha ndizi uone. Bapa, ya kamba, inayofunika vidole vizuri, ndiyo yako. Kamba ninazipenda kwa mguu mpana kwa sababu unalegeza mbele, unakaza nyuma. Velkro ina raha ya kuvua haraka ukiwa ukutani ndani, basi.

KuchaZangu
Asante sana babu. Je, bei ghali ina maana raba inanata zaidi?

BabuWaLukenya
Kidogo, ndiyo. Lakini wewe bado unaburuza vidole ukutani kabla ya kukanyaga (usikatae, sote tulianza hivyo). Raba laini ya bei kubwa utaimaliza kwa miezi michache. Viatu vya wanaoanza huwa na raba nene, kama milimita 4 au 5, na ngumu kidogo. Hiyo ndiyo ya kujifunzia kutua mguu kimya. Ukisikia "kwaruu", umekula raba yako mwenyewe.

Bintiwa_Munich
Habari za huko nyumbani. Niko Ujerumani, huku watu wanakwea kama tunavyocheza mpira. 7,000 yako ni kama euro 50. Kwa pesa hiyo mpya utapata zile za kampuni ya Simond za bei ya chini. Ukifika 9,000 huenda ukakuta La Sportiva Tarantulace, Scarpa Origin au Black Diamond Momentum kwenye punguzo. Zote tatu ni bapa na zimelengwa kwa wanaoanza.

Ila usimwagize mtu kwa namba tu! Namba za kampuni hazifanani. Mimi navaa 38 hapa na 39 na nusu pale. Simama juu ya karatasi jioni, mtu mwingine achore unyayo, pima kwa milimita, umtumie ndugu yako aende nayo dukani. Huku ukinunua mtandaoni una siku 14 za kurudisha, lakini kiatu kikishapanda ndege kwenda Nairobi ndiyo basi tena.

Kamera_Gikomba
Mnahangaika na euro za nini? Mimi nauza viatu soko la mitumba la Gikomba. Hivyo vya kukwea huwa vinatoka kwenye bale moja na vya mpira, jozi moja moja. Wenzangu wengi hawajui ni nini, wanaviita "vya densi". Nimeuza jozi kwa 800. Njoo alfajiri bale likifunguliwa, uchukue kamera, yaani zile bora kabisa, kabla ya wengine.

Cha kuangalia: minya soli kwa ukucha. Ikiacha alama kidogo, iko hai. Iking'aa na kuwa ngumu kama plastiki, ilizeeka kwenye kabati la mzungu, achana nayo. Kisha tazama raba nyembamba inayozunguka ncha ya vidole. Soli ikiisha inabandikwa nyingine, lakini ile ya kuzunguka ikishatoboka, kukitengeneza ni kazi kubwa zaidi.

Nyufa_na_Nyayo
Kuhusu kubandika, jihadharini. Nilimpelekea fundi wa mtaani jozi yangu. Kazi safi, gundi imeshika, bei ya chini. Tatizo alibandika raba ya tairi, ile ya akala. Nilipanda ukutani nikateleza kama niko juu ya sabuni. Akala itakufikisha Turkana na kukurudisha, lakini kijiwe cha ukubwa wa sarafu haikijui.

KuchaZangu
Mrejesho, wiki mbili baadaye. Gikomba nilitoka mikono mitupu, lakini soko la Toi nimepata jozi ya ngozi, bapa, ya kamba, 1,300! Nilitajiwa 2,500, nikajifanya naondoka. Ukucha unaacha alama, ncha haina tundu. Kisigino kimejaa. Nimevivaa nyumbani nikipika kwa nusu saa, vidole vimekunjika kidogo ila silii.

Kasoro ni moja. Vinanuka kuliko vile vya kukodi.

Bintiwa_Munich
Hongera! Jaza magazeti usiku, na magadi kidogo ndani ya soksi kuukuu. Usivianike juani wala usiviache kwenye gari lililofungwa, gundi itaachia. Na usitembee navyo jikoni, mpenzi, mafuta na raba hiyo si marafiki. Futa soli kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupanda.

Dogo_Juu
Hongera sista. Saizi gani lakini?

KuchaZangu
39 na nusu 😅

Dogo_Juu
Siongei tena.

BabuWaLukenya
Ukifika Fischer's Tower, ukipewa kamba na waongozaji wa pale, viatu vaa vyako, na uvivae ukiwa chini ya mwamba, si getini. Changarawe za njiani zinakula soli.

KuchaZangu
Sawa babu. Tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, garini kuna nafasi mbili. MpandaKibo, ukija na soksi zako mbili unakaribishwa pia.