Mrejesho: Sakafu ya mawe uani
Wakuu, niliuliza kuhusu saruji iliyobanduka kati ya mawe ya uani, majani yakaota na sisimizi wakahamia. Nimeikarabati mwenyewe, asanteni sana.

Ushauri wa kuchokonoa saruji ya zamani hadi sentimita 3 ndio uliosaidia kuliko yote. Ukijaza juu juu tu, inabanduka tena. Nilifagia vumbi, nikalowesha kingo, nikachanganya mchanga ndoo 4 kwa saruji ndoo 1, maji kidogo: ukiufumbata mkononi unabaki donge, hauchuruziki. Nikaushindilia kwa mwiko mwembamba, nikafunika magunia yaliyolowa, maana jua la Tanga halina huruma.

Sila (dawa ya kupaka inayozuia maji kupenya) nimepaka saruji ilipokomaa, baada ya siku 28. Jana mvua imenyesha, maji yamebaki matone juu ya jiwe. Aliyeuliza kuhusu utelezi: nilichukua isiyong'aa, watoto wanakimbia vizuri tu.